Ghala, banda la ng'ombe na vyumba vya watalii kwenye shamba la kijijini: kibali kinatoka kwa nani?

Swali, nalifupisha: "Shikamoo mzee. Baba alifariki akatuachia kihamba (shamba la ukoo la migomba na kahawa) cha ekari 2 na nusu huku Uru juu, Moshi Vijijini, pamoja na shamba la chini la ekari 10 ambalo mbele linagusa barabara kuu ya Moshi kwenda Himo na nyuma linaishia mtoni. Kule chini nataka kujenga ghala la mahindi na banda la ng'ombe wa maziwa kama 8 hivi. Huku juu kuna jengo la babu la matofali ya kuchoma, alikuwa anatunzia kahawa, nataka niligeuze liwe vyumba vinne vya watalii na sehemu ya kula maana wanapita hapa kila siku kwenda maporomoko ya Materuni. Fundi anasema kijijini hakuna kibali, nianze tu. Mtendaji anasema haina shida ilimradi nichangie ofisi. Binamu yangu wa mjini anasema bila NEMC, wale wa mazingira, nitabomolewa. Tena kuna jamaa anataka nimkodishe kipande cha mbele aweke yadi ya malori. Nimsikilize nani?"

Marahaba mwanangu. Usimsikilize yeyote peke yake, maana kila mmoja anajibu kitu chake. Fundi anawaza ukuta, na kweli ukuta wa ghala kijijini mara nyingi haumsumbui mtu, binamu anawaza hoteli, mtendaji yeye anawaza mchango. Nimefanya kazi za mipango ya ardhi wilayani mpaka nikastaafu na ninachokwambia ni kwamba jengo lenyewe huwa sio kesi kubwa, kesi ni ardhi yako imekaa kwenye mpango gani na humo ndani ya jengo utafanya nini. Banda lile lile la bati, leo lina mahindi yako hakuna shida, kesho lina vitanda vya wageni wanaolipa, tayari umeingia kwenye sheria nyingine kabisa.

Kwahiyo tuanze na ardhi. Tanzania tangu zile sheria mbili za 1999, ya Ardhi namba 4 na ya Ardhi ya Vijiji namba 5, ardhi iko makundi matatu, ya jumla, ya hifadhi na ya kijiji. Watu wengi wa mkoani kwetu wanadhani kihamba ni kitu cha pekee kisichoguswa na hayo, kwamba ni cha ukoo basi kimeisha. Hapana, kihamba kilicho ndani ya mipaka ya kijiji ni ardhi ya kijiji, na wewe una haki ya kimila juu yake, na haki hiyo kisheria ina hadhi sawa na ile ya mwenye hati ya miaka 33 au 99 pale mjini, hata kama hujawahi kuchukua karatasi. Hilo wengi hawalijui wanadanganywa kwamba bila hati ya kimila hawana kitu. Karatasi inasaidia kwa benki, kwa leseni na kwa ugomvi, ila haki haizaliwi na karatasi.

Sasa usidhani mashamba yako mawili yako kwenye hali moja kwa sababu tu yote ni ya baba. La juu karibu nina uhakika ni kijiji. Hilo la chini lililoko kando ya barabara kuu ndilo la kuangalia sana, kwa sababu miji inatambaa kufuata lami. Kipimo cha haraka cha mtaani ni hiki: uliza kiongozi wa hapo ni nani. Ukiambiwa mwenyekiti wa mtaa, uko kwenye mamlaka ya mji, hakuna cha halmashauri ya kijiji hapo. Ukiambiwa mwenyekiti wa kitongoji usifurahi haraka, maana hata miji midogo ina vitongoji, tofauti ni kwamba mji mdogo hauna Halmashauri ya Kijiji wala Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwahiyo swali zuri ni hili, hapa Halmashauri ya Kijiji ipo? Ipo, vizuri. Haipo, nenda moja kwa moja wilayani.

Na hata ikiwepo bado una swali la pili, unaulizia ofisi ya ardhi ya wilaya kwa afisa mipango miji kama kijiji hicho kimeingizwa kwenye eneo la upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Hili huwakuta watu wamelala. Angalia Arusha, mpango kabambe wake wa mpaka 2035 haukuishia kwenye jiji, umebeba na vijiji vya Arusha DC na Meru, watu walilala wakulima wakaamka shamba lao kwenye ramani limepakwa rangi ya makazi au ya barabara. Haki yako haifi siku hiyo, naomba uelewe, bado shamba ni lako, lakini kuanzia hapo kujenga na kubadili matumizi kunahitaji ruhusa ya mamlaka ya upangaji, na hiyo ni kwa jengo lolote la kudumu sio nyumba ya ghorofa tu. Omba uonyeshwe namba ya tangazo la serikali na ramani yake. Usikubali jibu la "nadhani bado".

Haya, tuseme yote mawili ni kijiji na hayajaingizwa. Hapo fundi wako ana nusu ya haki, ule mlolongo wa kibali cha ujenzi kama wa mjini hautakukuta kwa ghala na banda. Ila kuna kitu kinaitwa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, chini ya sheria namba 6 ya 2007, na kama kijiji kimeshaufanya basi huo ndio bosi. Nenda ofisi ya kijiji uombe uione ramani yenyewe, sio maelezo yake. Mara nyingi iko ukutani imepauka au imeviringishwa juu ya kabati, ina rangi rangi, makazi, kilimo, malisho, msitu, huduma za jamii, vyanzo vya maji, vingine vimetenga na eneo la uwekezaji. Tafuta shamba lako limeangukia rangi gani. Kama ramani ina namba za GPS pembeni, simu yako inatosha, simama kwenye kona za shamba soma namba linganisha, maana nimeona shamba ambalo mwenyewe anaapa ni kilimo kumbe theluthi yake kamati iliipaka rangi ya hifadhi ya chanzo cha maji na yeye siku ya mkutano alikuwa msibani.

Pamoja na ramani omba sheria ndogo za kijiji. Zile zilizopitishwa na Mkutano Mkuu zikaenda halmashauri ya wilaya zikaidhinishwa zina nguvu, zile za mtendaji kutunga asubuhi hazina. Humo ndio utakuta mambo ya umbali wa banda na nyumba ya jirani, samadi, mifugo kuvuka mfongo (mfereji wa maji wa kijiji), nani anasafisha mfongo na siku gani. Kwenye mlima hasa mambo ya mfongo usiyachukulie kirahisi, mabomba ya maji machafu ya vyumba vyako yakiingia mfongo wa watu utapigiwa kelele na wazee kabla afisa yeyote hajafika.

Na huyo mtendaji. "Haina shida" sio kibali. Mtendaji ni katibu tu, mwenye mamlaka ni Halmashauri ya Kijiji ikiwa imekaa kikao. Andika barua ya ukurasa mmoja, eleza unajenga nini, wapi, ukubwa gani na matumizi gani, chora na mchoro wa mkono ukionyesha jengo liko hatua ngapi kutoka mpaka wa jirani, njia na mto. Ipeleke, iombe iingizwe kwenye ajenda. Baada ya kikao unachotaka ni kopi ya muhtasari, wenye tarehe, orodha ya waliohudhuria, namba ya ajenda yako na maneno ya uamuzi, saini ya mwenyekiti na ya mtendaji na muhuri. Soma maneno yenyewe kabla hujaondoka ofisini, kwa sababu utakuta wameandika "kikao kimepokea ombi". Kupokea sio kukubali. Mwambie aandike "kimeridhia". Na mchango kama upo uwe na risiti ya serikali, ukiambiwa toa mkononi sema utalipa ukipata risiti, hautagombana na mtu kwa kusema hivyo.

Ghala sasa. Kuhifadhi mahindi yako mwenyewe ni kilimo, mashine ndogo ya kupukuchua ndani ni kilimo, kukausha ni kilimo. Ukianza kupokea magunia ya majirani kwa malipo, hiyo ni biashara unataka leseni ya biashara ya halmashauri, na ukitaka liwe ghala la mfumo wa stakabadhi ghalani lazima lisajiliwe na kupewa leseni chini ya sheria yake ya 2005, huko kuna ukaguzi wa jengo, bima na mambo mengine, sio mahali pa kuanzia. Ukiweka mashine ya kukoboa na kusaga ya kuhudumia kijiji kizima, OSHA, wale wa usalama kazini, watakuulizia usajili wa sehemu ya kazi, na unga ukiupakia kwenye mifuko yenye jina lako TBS, wale wa viwango, nao wamo. Kwahiyo kwenye barua ya kijiji andika ghala la mazao na kama una mpango wa mashine baadaye uandike na mashine sasa hivi. Watu wanaogopa kutaja kila kitu wakidhani watakataliwa, matokeo yake wanarudi kuomba tena mara ya pili wakati tayari jirani mmoja kashakasirishwa na vumbi.

Banda la ng'ombe 8 wa ndani halina mjadala mkubwa, ni ufugaji, ni kilimo. Shida yake ni mkojo na samadi. Elekeza mteremko wa sakafu uende kwenye shimo lako na sio kwa jirani na hasa sio mtoni, fikiria biogesi kama bajeti inaruhusu. Kama maziwa utayauza mbichi kwa chama cha ushirika au kituo cha kukusanyia sawa, ukitaka kusindika mwenyewe, mtindi sijui jibini, Bodi ya Maziwa na TBS.

Sasa sikiliza hapa vizuri kwa sababu kwenye shamba la chini hatari yako sio kibali, hatari yako ni mbele na nyuma.

Mbele kuna barabara kuu. Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 60 kwa jumla, yaani mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati ya barabara, sio kutoka ukingo wa lami kama mafundi wengi wanavyopima. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5 kila upande. Ndio maana ukipita barabarani unaona nyumba zina X nyekundu na nyingine X ya kijani. Nyekundu ni yule aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, huyo hana fidia. Kijani ni yule aliyekuwa nje ya hifadhi ya zamani, sheria mpya ikamfuata na zile mita 7.5 za nyongeza, huyo serikali ikitaka eneo inatakiwa imlipe. Wewe ukijenga leo ndani ya hizo mita 30 hakuna rangi ya kukuokoa, umejenga ukiijua sheria ipo. Nunua kamba ya mita 50 simama katikati ya barabara asubuhi mapema magari yakiwa machache, mtu mwingine aangalie magari, pima mita 30 weka vigingi, alafu ongeza zako za ziada maana ghala linahitaji sehemu ya lori kugeuza na lori halitageuzia barabarani. Na ile njia ya kuingilia kutoka barabara kuu kuja kwako unaiombea TANROADS, usimwage tu kifusi kwenye mtaro. Kama njia yako inatokea barabara ndogo ya wilaya hao ni TARURA.

Nyuma kuna mto. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bahari au bwawa. Mita 60 ni nyingi mwanangu. Kama upande wako wa mto una urefu wa mita 100 basi ukanda huo peke yake ni mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu ya shamba lako ambayo huwezi kuweka banda wala ghala wala choo. Watu wanalipenda eneo la mtoni kwa banda sababu maji yako karibu, na ndipo bodi ya bonde inapowakuta. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko hapo hapo Moshi mjini, nenda, kwanza ukaulize kuhusu mpaka wa mto wako, pili kama utachota maji kwa pampu au kuchimba kisima kirefu unahitaji kibali chao cha kutumia maji.

Toa ukanda wa mbele, toa ukanda wa nyuma, ndipo uone limebaki shamba kiasi gani la kujenga. Fanya hiyo kazi ya kamba kabla hujamlipa mtu hela ya ramani ya ghala.

Huyo jamaa wa yadi ya malori mimi ningemkataa, nakwambia wazi. Yadi sio kilimo. Kumkodisha mtu kipande cha ardhi ya kijiji kwa biashara kunahitaji ridhaa ya Halmashauri ya Kijiji, na kadri eneo linavyokuwa kubwa na miaka mingi ndivyo uamuzi unavyopanda kwenda Mkutano Mkuu. Alafu mafuta machafu na oili ikimwagika pale inateremka kwenye mto ule ule, anayekamatwa ni mwenye shamba. Kodi atakayokulipa ya kipande hicho haitafidia hayo. Kama unataka hela ya barabarani jenga kibanda cha kuuzia maziwa na ndizi, nyuma ya vigingi vyako.

Tuje Uru kwenye jengo la babu. Hili ndilo unalolipenda naona, na ndilo lenye mlolongo. Unachofanya hapo ni kubadili matumizi, kutoka jengo la shamba kwenda malazi na chakula kwa malipo. Ukubwa wa jengo haubadiliki hata tofali moja lakini mbele ya sheria ni kitu kingine.

Kwanza kijiji, muhtasari kama nilivyosema, ila huu uandike matumizi mapya kwa jina, malazi ya wageni, vyumba vinne. Kama una hati ya kimila, soma imeandikwa matumizi gani na masharti yake, sheria inasema ruhusa yoyote inayotakiwa kabla ya kujenga ichukuliwe kwanza, na kukiuka sharti ndio kamba wanayokushikia siku mkigombana. Kama ingekuwa ni shamba la hati ya serikali kwenye ardhi ya jumla, ungetakiwa uombe kubadili matumizi kwa Kamishna wa Ardhi kupitia wilayani kwanza ndipo uguse jengo.

Pili halmashauri ya wilaya. Hata kama kijiji chako hakipo kwenye eneo la upangaji, nakushauri upeleke michoro kwa mhandisi, afisa mipango na afisa afya, sababu leseni za biashara na za malazi zinapitia kwa hao hao. Mchoro uonyeshe madirisha, milango ya kutokea, jiko, vyoo, septiki na shimo la kunyonyea, na umbali wake na mfongo na kisima. Jengo la kutunzia kahawa mara nyingi lina madirisha madogo ya juu na sakafu ya udongo au mbao, msingi wa mawe bila saruji. Mpe mhandisi auangalie msingi na kuta kabla hujafungua madirisha makubwa ya kuangalia mlima, ukuta wa tofali la kuchoma lililojengwa kwa udongo ukiutoboa dirisha la mita mbili bila lenta unashuka wote. Na sio kila kitu kibomolewe, mzungu anayekuja Uru hafuati aluminiamu na vigae vya China, anafuata hilo hilo jengo la babu. Ujue hapo jirani Shimbwe Juu mfumo wa kihamba ulitambuliwa na FAO mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia, migomba, kahawa chini yake, miti mikubwa juu, ng'ombe zizini. Ukifyeka migomba upate parking umeuza kile wanachokuja kukiona.

Tatu, utalii. Malazi ya wageni yanaingia kwenye Sheria ya Utalii ya 2008 na leseni ile watu wanaiita TALA. Ongeza leseni ya biashara, TIN, ukaguzi wa Zimamoto, na wapishi wako wapime afya kila wanapotakiwa na afisa afya. Ni karatasi nyingi ila hakuna hata moja ya ajabu, kinachochosha ni kuzunguka.

Nne huyo NEMC wa binamu. Baada ya mabadiliko ya kanuni ya 2018 miradi imepangwa makundi, A ambayo tathmini ya athari kwa mazingira ni lazima, B1 iliyo mpakani, B2 isiyolazimu tathmini kamili, na maalum. Vyumba vinne kwenye jengo lililokuwepo sio hoteli ya vitanda mia. Unachotakiwa ni kuusajili mradi uelezwe uko kundi gani, wao ndio wanapanga sio wewe wala binamu. Usikubali mshauri anayekwambia kabla ya kusajili kwamba unahitaji tathmini kubwa ya mamilioni, huyo anajipangia kazi. Na kinyume chake usikae kimya ukidhani udogo unakuficha.

Kitu kimoja zaidi kwa ninyi wa juu kabisa: angalia mpaka wa msitu. Ile nusu maili ya kandokando ya msitu ambayo wazee walikuwa wanakata majani na kuni, pamoja na msitu wa hifadhi, iliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Kama kihamba chako kinapakana huko, njia ya matembezi unayotaka kuwapitisha wageni isivuke alama za mpaka, la sivyo unaongea na KINAPA na sio kijiji.

Mimi ningekuwa wewe nisingeanza na vitanda. Ningeanza na wageni wa mchana, waje waone kahawa inavyochumwa, inavyomenywa na kutwangwa kwenye kinu, wakaange wenyewe wanywe, wale ndizi, waondoke. Hapo bado unataka leseni ya biashara na usafi wa jiko na vyoo, ila umekwepa mambo ya kulaza watu, na utajua kama wageni wanaopita wanasimama kwako au wanaendelea na safari. Wakianza kuuliza wanaweza kulala wapi ndipo utoe hela ya vyumba. Kahawa ya kuwapa kikombeni sawa, ya kuwafungia kwenye pakiti yenye lebo waende nayo, hiyo waone Bodi ya Kahawa na TBS kwanza.

Na atatokea mtu, mara nyingi mwenye gari zuri, atakwambia hamisha kihamba kiende ardhi ya jumla upate hati kubwa ndipo mwekezaji aje. Kwa vyumba vinne? Ardhi ikishatoka kijijini hairudi kirahisi, na sababu kubwa ya kuitoa huwa ni kwamba mgeni asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji. Ukisikia hiyo hoja ujue mwenye haja ya hati sio wewe.

Mwisho hujaniambia mirathi imefunguliwa au bado, na bila hiyo haya yote yatakwama dirisha la kwanza. Umesema baba "katuachia", ninyi wangapi? Leseni, muhtasari, mkataba wa umeme, vyote vitauliza jina la mwenye eneo, na marehemu haombi kibali. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari mmteue msimamizi, mwende Mahakama ya Mwanzo, msimamizi akithibitishwa agawe kwa maandishi nani kapata kihamba na nani shamba la chini. Kama una kaka aliyeko Dar au nje ambaye hajasaini, msubiri asaini, hata kama anachelewesha, kwa sababu kwa wachaga wenzetu unajua mwenyewe habari ya mtoto wa mwisho kurithi kihamba, ukishapaka rangi vyumba vyote vinne ndio siku atakayokumbuka kwamba jengo la babu lilikuwa lake. Wakati hiyo inaendelea wewe kazi yako ni kamba na vigingi kule chini, ramani ya kijiji, na kwenda Bonde la Pangani. Hizo haziitaji jina la mtu.